Anza na Siku ya Kukabidhi: Mwongozo kwa Mwenyekiti Mpya wa Kamati ya Ujenzi wa Kanisa

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya usharika wetu kwa miaka sita. Tulianza na msingi uliokuwa umeota majani, tukapandisha kuta, tukafunga lenta, tukaezeka. Jumapili niliyokabidhi nilipigiwa vigelegele. Kisha mama mmoja mjane, ambaye umri wake unawazidi karibu wote tunaosali pale, akasimama na kuniuliza kwa upole: "Mwenyekiti, ile elfu thelathini yangu ya ahadi nilimpa mjukuu akutumie kwenye simu. Nisaidie, iko ukurasa wa ngapi?"

Nilifungua daftari. Haikuwepo. Nilikumbuka vizuri kwamba pesa ile iliingia kwenye simu yangu siku ya Jumatano, fundi alikuwa amekwama, nikaitoa na kununua misumari ya bati siku hiyo hiyo. Misumari iko juu ya paa hadi leo. Lakini sikuandika, na risiti sikuwa nayo. Hakuna aliyesema nimeiba, wala yule mama hakukusudia kuniaibisha. Alitaka tu kuona jina lake. Nilisimama mbele ya kusanyiko nikiwa sina jibu.

Tangu siku ile nimeisoma mara nyingi sura ya 12 ya 1 Samweli. Samweli, mzee mwenye mvi, anasimama mbele ya Israeli yote na kuwataka wamshuhudie: ametwaa ng'ombe wa nani, punda wa nani, amemdhulumu nani, amepokea rushwa mkononi mwa nani? Watu wanajibu kwamba hakuna. Wahubiri wengi huishia hapo. Mimi naomba urudi nyuma hadi sura ya 8. Huyo huyo Samweli aliwaweka wanawe wawili kuwa waamuzi huko Beer-sheba, nao wakapokea rushwa na kupotosha hukumu. Wazee walipokuja kudai mfalme, walitaja uzee wake na habari za wale vijana. Mikono ya Samweli ilikuwa safi, lakini alikabidhi vibaya. Mimi nilikosea upande mwingine. Ninachotaka kukusaidia, wewe uliyechaguliwa juzi, ni kuongoza tangu wiki ya kwanza kama mtu anayejua tarehe yake ya kusimama pale mbele.

Hatua ya kwanza: pokea kwa kuhesabu

Ukichaguliwa utapewa pongezi, maombi, na funguo ya stoo. Funguo si makabidhiano. Mwombe mchungaji akuitishie kikao kimoja na kamati inayoondoka, na kabla ya kutia saini popote, uone kwa macho yako mambo haya: hati ya kiwanja, taarifa ya benki ya karibuni pamoja na majina ya waweka saini, daftari la ahadi, orodha ya madeni kwa mafundi na maduka, mikataba iliyopo, ramani iliyoidhinishwa na kibali cha ujenzi, na vifaa vilivyomo stoo.

Kuhusu hati, usione aibu kuuliza iko kwa jina la nani. Kwa Tanzania, mali ya kanisa hushikwa na Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa, na kiwanja kinatakiwa kiwe kwa jina la bodi hiyo. Sharika nyingi zilianzia kwenye kiwanja alichotoa muumini kwa mdomo tu, watu wakapiga makofi, wakaanza kusali. Mtoaji akifariki, watoto wake wanaweza kuja na hoja zao, na kisheria wanasikilizwa. Kama hati bado haijabadilishwa, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, kabla hujanunua hata tofali moja. Mtoaji akiwa hai, mfuateni yeye na familia yake kwa heshima, mkaandikishane.

Ikiwa hakuna kumbukumbu zozote (na hili hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri), usimlaumu mtu hadharani. Chukua wazee wawili wa kanisa, ingieni stoo, hesabuni. Andikeni "tumekuta": mifuko ya saruji mingapi, nondo za milimita 12 ngapi, mabati mangapi, salio benki kiasi gani, tarehe fulani. Tieni saini watatu. Karatasi hiyo ndiyo mwanzo wako, na siku moja itakulinda.

Nehemia alifika Yerusalemu, akakaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache kuukagua ukuta. Hakuwa amemwambia mtu yeyote jambo alilotiwa moyoni. Aliona malango yaliyoteketea, akafika mahali mnyama aliyempanda hakuweza hata kupita. Ndipo akazungumza. Nakushauri mwezi wako wa kwanza uwe wa namna hiyo. Usitoe ahadi ya Krismasi kanisani. Watu watakusukuma useme tutaezeka lini, waambie, "Bado nahesabu."

Hatua ya pili: fedha isipite mkononi mwako

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoanguka.

Katika Kutoka 38, kuanzia mstari wa 21, kuna kitu ambacho tunakiruka tukisoma Biblia kwa mwaka mmoja. Ni taarifa ya mapato na matumizi ya ujenzi wa hema. Musa anaagiza, Ithamari mwana wa kuhani Haruni anasimamia hesabu. Dhahabu inatajwa kwa uzito wake: talanta 29 na shekeli 730. Fedha iliyotoka kwa waliohesabiwa ni talanta 100 na shekeli 1,775. Waliohesabiwa ni wanaume 603,550, kila mmoja nusu shekeli. Chukua kalamu uzidishe: nusu shekeli mara 603,550 ni shekeli 301,775. Talanta moja ni shekeli 3,000, hivyo talanta 100 ni shekeli 300,000, na zinabaki 1,775. Imelingana bila kupungua hata moja. Tena haiishii kwenye mapato. Zile talanta 100 zilisubu vitako 100 (vikalio vya kusimamishia nguzo), talanta moja kwa kitako kimoja, na zile shekeli 1,775 zilizobaki zilitengenezewa kulabu za nguzo. Hata chenji ina maelezo.

Musa alikuwa anaongea na Mungu uso kwa uso. Kama kuna kiongozi ambaye angeweza kusema "niaminini tu", ni yeye. Hakusema. Mimi nilifikiri kuaminiwa kunaniondolea kuandika, kumbe kuaminiwa ndiko kunakodai maandishi.

Kwa hiyo fanya hivi. Sadaka ya ujenzi ihesabiwe kanisani, Jumapili hiyo hiyo, na watu wasiopungua watatu ambao si ndugu wa familia moja. Wewe usiwe mmoja wao. Wajaze fomu yenye idadi ya noti na sarafu, si jumla tu, watie saini zote tatu, nakala moja ibaki ofisini na nyingine iende kwa mhazini. Fedha iende benki Jumatatu. Isilale kwa mtu hata kama mtu huyo ni mcha Mungu; unamwepusha na majaribu na pia na maneno. Katika 2 Wafalme 12, wakati wa Mfalme Yoashi, kasha la sadaka lililotobolewa tundu lilipojaa, mwandishi wa mfalme alikuja pamoja na kuhani mkuu, wakahesabu wote wawili. Mmoja wa ikulu, mmoja wa hekalu.

Waweka saini wawe watatu, na malipo yahitaji wawili kati yao. Wasiwe mume na mke. Kama benki yenu iko mbali, msitie saini hundi tupu ili "kurahisisha". Nawasihi sana kwa hili.

Michango ya simu iende kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, isiwe namba ya mwenyekiti wala ya mhazini. Na siku mtu atakapokutumia wewe, maana atakutumia tu, hamisha kiasi chote siku hiyo hiyo kwenda kwenye namba ya kanisa, kisha mjulishe mtoaji na mhazini kwa ujumbe mmoja wenye jina na kiasi. Usinunue chochote nayo kwanza. Kama fundi amekwama, fundi asubiri hadi kesho. Misumari ile iliokoa nusu siku ya kazi, ikanigharimu jibu la yule mama.

Kila mtoaji apewe stakabadhi, hata wa shilingi 500. Watu husema ni kupoteza karatasi. Mwambie anayesema hivyo amkumbuke Yesu akiwa ameketi mbele ya sanduku la hazina, akimtazama mjane aliyetia senti mbili. Aliitambua sadaka ile na kuitaja mbele ya wanafunzi wake.

Tenganisha daftari la ahadi na daftari la fedha taslimu. Ahadi si pesa. Nimeona kamati inatangaza "tumekusanya milioni kumi na mbili" baada ya harambee, wakati iliyo mezani ni milioni tatu. Fundi anaitwa, saruji inakopwa, na miezi miwili baadaye hakuna anayepokea simu ya mwenye duka. Ukitangaza, tangaza mawili: ahadi ni kiasi hiki, fedha mkononi ni kiasi hiki.

Na mnada wa baada ya ibada usiusahau. Jogoo ameletwa, furaha imepanda, mtu anamnunua kwa elfu hamsini na kusema "nitaleta jioni." Andika jina lake hapo hapo. Jioni nyingi hazifiki, si kwa ubaya, ni kwa kuwa hakuna aliyeandika.

Vifaa ni fedha pia. Mtunza stoo awe na leja: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, aliyepokea, kazi gani. Saruji ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka, kwa sababu ikikaa miezi mitatu huanza kupoteza nguvu. Lori la mchanga lihesabiwe na mtu anayesimama pale, asiwe yule aliyeliagiza.

Mara moja kwa mwezi, bandika ubaoni taarifa ya ukurasa mmoja: tulichokuwa nacho, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, tunachodaiwa. Paulo alipopeleka mchango wa makanisa kwa watakatifu wa Yerusalemu hakwenda peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na akaeleza sababu katika 2 Wakorintho 8: wasije wakalaumiwa, wafanye mambo mema si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu. Kuna watumishi wanaosema "Mungu ananijua." Ni kweli anakujua. Lakini aliyetoa ni mwanadamu, naye anastahili kujua.

Jambo moja zaidi kabla sijaondoka hapa. Kutoka 36 inasimulia kwamba mafundi walimwendea Musa na kumwambia watu wanaleta kupita kiasi, naye akatangaza kambini watu waache kuleta. Siku mtakapofikia lengo la madirisha, tangazeni kwamba la madirisha limetosha. Usiligeuze kimya kimya liwe la vigae. Mtu akiona mchango unafikia mwisho, safari ijayo atatoa bila kusukumwa.

Hatua ya tatu: gawa kazi kwa majina

Mwaka wangu wa pili simu yangu ililia usiku wa manane kwa sababu mlinzi hakujua nani ana funguo. Nilijiona wa maana sana. Mke wangu akaniambia nyumba yetu imegeuka ofisi, nami nikamjibu kwamba ni kazi ya Mungu. Yethro, mkwewe Musa, aliyaona hayo hayo: watu wamesimama tangu asubuhi hadi jioni kumsubiri mtu mmoja. Hakumsifu. Alimwambia analofanya si jema, atajichosha yeye pamoja na watu wale. Tazama vizuri, alisema "pamoja na watu". Kiongozi anayeshika kila kitu anawachosha hata wanaomsubiri.

Sifa alizotaja Yethro ni nne: uwezo, kumcha Mungu, ukweli, na kuchukia mapato ya udhalimu. Uwezo umetangulia. Sisi mara nyingi tunampa uhazini mtu kwa kuwa anaomba vizuri, halafu tunashangaa daftari halisomeki. Mwenye karama ya maombi aongoze maombi.

Kisha gawa eneo, usigawe cheo. Sura ya 3 ya Nehemia ni orodha ndefu ya majina, na wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Mtu anayeona sehemu yake kila akifungua mlango hawezi kuiacha na ufa. Jumuiya ya mtaa huu isimamie madirisha ya upande huu. Vijana wasimamie kuchota maji na kumwagilia kuta. Kinamama wanaouza sokoni, wanaojua bei kuliko sisi wote, waende kuulizia bei kwenye maduka matatu kabla ya kila manunuzi makubwa. Ukuta ule ulikamilika kwa siku 52. Na orodha hiyo hiyo imeandika kwamba wakuu wa Watekoa, watu wa mji wa Tekoa, hawakutia shingo zao kazini. Watakuwepo na kwenu. Endelea na walio tayari.

Vikao viwe na ajenda iliyotangulia, na muhtasari uandikwe na usomwe kikao kinachofuata. Akidi isipotimia, ombeni pamoja, mrudi nyumbani. Msipitishe malipo.

Hatua ya nne: mwandae mtu, naye asiwe mwanao

Katika Hesabu 27 Musa ameambiwa atakufa. Ombi lake la kwanza si kuongezewa siku. Anaomba Mungu aweke mtu juu ya mkutano, wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Anaagizwa amsimamishe Yoshua mbele ya kuhani Eleazari na mkutano wote, na aweke juu yake sehemu ya heshima yake mwenyewe. Neno hilo, sehemu ya heshima, ndilo gumu. Maana yake ni kwamba unapunguza yako ukiwa ungali hai, na watu wakiwa wanatazama.

Kwa vitendo: kuanzia mwaka wa pili mwachie makamu aendeshe kikao kimoja kati ya vitatu, ukiwa umekaa pembeni na umefunga mdomo. Atoe taarifa madhabahuni. Aende benki. Akikosea, msahihishe mkiwa wawili. Yoshua mwenyewe hakuandaa mtu kama alivyoandaliwa, angalau Maandiko hayatutajii, na Waamuzi 2 inaeleza kizazi kilichofuata, kisichomjua Bwana wala kazi aliyoitendea Israeli.

Watanzania tuna neno la jambo hili ambalo Mwalimu Nyerere alilitoa katika Kizanaki cha kwao: kung'atuka. Wengi tunakumbuka mwaka 1985, alipomwachia urais Ali Hassan Mwinyi. Mimi hufikiria zaidi Januari 1962. Uhuru ulikuwa na wiki sita tu, naye akaacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama cha TANU mikoani. Mwaka huo ulipoisha alirudi akiwa Rais. Nyerere alikuwa Mkatoliki aliyeishi imani yake, na sidhani jambo lile lilimtoka hewani. Kiti kilikuwa bado cha moto. Wengi wetu hatuwezi kuachia uenyekiti wa kwaya baada ya miaka kumi na tano.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Tangaza tarehe miezi mitatu mapema. Omba sinodi au jimbo, au hata washarika wawili wanaojua hesabu na wasio wajumbe wa kamati, wakague vitabu. Andaa jalada moja lenye nakala ya hati, taarifa za benki za miaka yako yote, madaftari, muhtasari, mikataba, madeni, leja ya stoo, na namba za mafundi. Ongeza ukurasa mmoja wa mkono wako wa mambo ambayo hayamo kwenye vitabu: fundi gani hulewa akilipwa kabla, upande gani wa msingi ulikutwa na maji, nani alitoa mabati bila kutaka atajwe. Benki nendeni pamoja mkabadilishe waweka saini kabla ya Jumapili ya kukabidhi. Jina lako likibaki kwenye akaunti hujakabidhi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo soma Yohana 13. Nilikuwa naisoma kama sura ya unyenyekevu kwa ujumla. Sasa naona inaanza kwa kusema Yesu alijua saa yake imefika ya kuondoka. Ni hapo alipojifunga kitambaa na kumimina maji katika bakuli.

Kanisani, soma jumla za mapato na matumizi kwa sauti. Kisha uliza: je, kuna mtu alitoa na jina lake halimo? Nyamaza. Kaa kimya muda mrefu kuliko unavyopenda. Mtu akisimama, usijitetee. Mshukuru, andika, na mrudie ndani ya wiki. Mimi nililipa ile elfu thelathini kutoka mfukoni mwangu Jumatatu iliyofuata, ikaandikwa kwa jina la yule mama, naye akaja ofisini kuuona ukurasa. Alikuwa hajui kusoma vizuri. Aliweka kidole juu ya jina lake na kukiacha pale kwa muda.

Baada ya hapo

Nehemia alitawala miaka 12, akarudi kwa mfalme, na alipokuja tena Yerusalemu alikuta Tobia, adui wa kazi ile, amepewa chumba kikubwa ndani ya nyua za nyumba ya Mungu. Walawi walikuwa hawajapewa haki zao na kila mmoja amekimbilia shambani kwake. Mwenyekiti aliyetoka husoma habari hiyo na kupata hamu ya kurudi kusimamia. Nehemia aliitupa nje samani ya Tobia, lakini hazina hakuishika mwenyewe. Aliwaweka watu wanne juu yake: kuhani, mwandishi, Mlawi na msaidizi wao, kwa kuwa walihesabiwa kuwa waaminifu.

Wewe kaa benchi la nyuma. Toa sadaka yako, pokea stakabadhi. Ukiona kosa, mwendee mwenyekiti mpya nyumbani kwake jioni, useme mara moja, uondoke. Na fundi atakupigia tu, maana namba yako ndiyo aliyoizoea, atakuambia nondo zimekwisha na yule mpya haelewi mambo. Msalimie, muulize hali ya watoto, kisha mpe namba ya mwenyekiti.